Nyumba Yangu Juu ya Sengu

Siku niliyoingia Mianzini naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka jana, mwanangu. Jana sijui hata nilikula nini, lakini siku ile naikumbuka mpaka harufu yake: dagaa wa usipa walioanikwa, moshi wa kuni mbichi na matope ya ziwa. Nilikuwa bibi harusi. Nilikuwa nimeteremka kwa miguu kutoka kwetu milimani, Umatengo, nyayo zimevimba, kichwani nimebeba chungu alichonipa mama. Mbele yangu alitembea mume wangu Kosmas, yaani babu yako, akipiga mluzi kama mtu anayempeleka mke nyumbani kwa Gavana. Kumbe hata pa kulala hakuwa napo.

Nakuambia habari hii leo kwa sababu juzi nilikuona, wewe na ndugu zako, mkipima ua wetu kwa kamba. Mlidhani bibi amesinzia. Sikusinzia, nilifumba macho tu. Nikasikia mnasema ua mtupu ni hasara, pale pangetosha vyumba vya kupangisha. Nilinyamaza, maana ulimi wangu mnaujua. Sasa hasira imepoa. Kaa hapo, nisikilize, kisha mkitaka kupima tena mtapima.

Mianzini ulikuwa mtaa wa wapagazi kule Mbamba Bay, wakati wa Mwingereza. Meli ilikuwa inatia nanga mbali kidogo, boti zinaleta mizigo, na wanaume wanaingia majini mpaka kifuani kupokea magunia. Walikuwa Wamatengo wa milimani, Wanyasa na Wampoto wa pwani ya ziwa, na Wangoni wa upande wa Songea. Wengi walikuja kutafuta hela ya kodi, wakasema watakaa msimu mmoja, wakazeekea palepale. Boma halikuwagawia viwanja. Lilisema wapagazi ni watu wa kupita, wasijenge nyumba ya kudumu. Basi wakajenga kwa mianzi, udongo na nyasi, popote penye nafasi, kati ya ghala na mlima upande mmoja, na matete ya ziwa upande mwingine. Nyumba zilibanana hata ukipiga chafya mwako, jirani anakuambia afya.

Lakini katikati ya msongamano ule palikuwa na uwanja mtupu. Umefagiliwa safi, hauna hata bua moja. Hapo ndipo ilipokuwa sengu.

Wewe umezaliwa nyumba za geti, sengu umeisikia tu. Kwetu Umatengo, jioni wanaume wa ukoo walikuwa wanakutana mahali pamoja kula. Kila mke anapeleka alichopika, vyakula vinawekwa pamoja, wote wananawa na kula. Hapo hakuna anayeuliza ugali huu wa nani. Mwenye mke anakula, asiye na mke anakula, mgeni aliyefika saa ile anakula. Wakimaliza wanazungumza: nani kagombana na nani, nani mgonjwa, kijana gani kapotoka. Sisi wanawake na watoto tulikuwa na duara letu pembeni, na usidhani tulikuwa tunasikiliza tu. Wamatengo wa Mianzini walikuja na desturi hiyo kichwani, na makabila mengine yakaipenda, nani asiyependa kula na watu? Mnyasa alileta samaki wake, mbelele wa kuchoma, Mmatengo akaleta maharage, Mngoni akaleta maneno mengi. Nawatania, walileta na chakula pia.

Mwenye kuufagia uwanja ule alikuwa mzee mmoja, Babu Nombo. Ndiye aliyejenga Mianzini wa kwanza kabisa. Alikuwa mpagazi mwenye nguvu, mpaka gunia likamwangukia nyonga, tangu hapo akawa anatembea kwa kuburuta mguu. Mkewe alikwisha kufa, na Mungu hakuwajalia watoto. Kwa hiyo hakuwa na shamba, hakuwa na kazi, hakuwa na chungu chake. Alikuwa na ufagio na ile sengu. Asubuhi anafagia, jioni anakula na watu. Na usidhani alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Mara moja Boma lilipotaka kuwahamisha watu wa Mianzini, walikaa kwenye sengu wakakubaliana neno moja, wakamtuma yeye. Alikwenda na mguu wake ule, wanaume wote nyuma yake, akasema mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa Boma, kwamba wakihama wao, meli itapakuliwa na samaki. Bwana Shauri akacheka, mtaa ukaachwa.

Sasa mimi ndiyo nimefika, na chungu changu. Kosmas alikuwa akilala kwenye banda la wasiokuwa na wake. Atanipeleka humo? Pembeni mwa mtaa palibaki nafasi kwenye matete tu, na kwenye matete kulikuwa na mamba. Nilikaa juu ya mkeka wa jirani mmoja, Mama Felista, mwanamke mnene wa Kinyasa mwenye roho safi kabisa, nikaanza kulia. Nililia kwa uchovu, mwanangu, si kwa kingine. Lakini Mama Felista hakuweza kuona mtu akilia. Jioni ile alisimama pale penye duara la wanawake akapaza sauti wanaume wamsikie.

"Jamani, huyu ni bibi harusi, tumtupe kwa mamba? Hapa uwanjani pana pembe ile haikaliwi na mtu. Kosmas ajenge pale. Ni pembe tu!"

Watu wote wakasema, kweli, ni pembe tu. Nani angekataa? Nilikuwa nimekaa palepale, macho mekundu, kucha zimeng'oka kwa safari. Hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kama wangekuwa wabaya ningewasema nikalala usingizi.

Babu Nombo peke yake hakuitikia. Alinawa mikono taratibu, akauliza, "Mkijenga hapa, atakayefika kesho atakula wapi?"

"Si uwanja bado mkubwa, Babu," wakasema.

"Leo mkubwa. Kesho atakuja mwingine analia, mtampa pembe nyingine. Uwanja una pembe ngapi? Na mimi je? Mimi nitakula wapi?"

Kisha Mama Felista akamjibu kwa upole, "Babu, hata uwanja uishe, wewe tutakuletea mlangoni kwako. Utakosaje chakula na sisi tupo?" Na wote wakaitikia: tutakuletea, Babu, tutakuletea. Nami niliitikia, kwa sauti kubwa, maana nilikuwa naitaka ile nyumba.

Siku ya kujenga ilinoga. Pombe ya ulanzi ilikuwepo, nyimbo zilikuwepo. Kwa desturi nguzo ya pembeni ilisimamishwa na mzee kuliko wote, na mzee alikuwa yeye. Tulidhani atasusa. Hakususa. Alikuja akiburuta mguu, akaishika nguzo mpaka udongo ukashindiliwa, kisha akasema watu wote wasikie, "Nguzo hii nimeishika kwa ajili ya mgeni huyu. Msije mkasema kesho kwamba nilikubali." Halafu akanigeukia. Nilipiga goti nikasema, "Shikamoo, Babu." Akanijibu, "Marahaba, mwanangu. Si kosa lako. Ukae kwa amani." Akaenda kuchukua ufagio wake, akafagia takataka za mianzi tulizoziacha.

Basi ikawa vilevile alivyosema. Mgeni wa pili hakulia hata, alionyesha tu nyumba yangu akasema, mbona Kosmas kajenga? Akapewa pembe. Halafu mmoja akamjengea mdogo wake. Halafu mwingine, hana ndugu wala nini, akajenga chumba cha kumpangisha karani wa ghala. Kila nyumba ilikuwa na sababu yake nzuri. Na kila nyumba ilipoongezeka, duara la jioni lilisogea na kubanwa, mpaka wanaume wakawa wanakula wamesimama mguu mmoja ndani ya nyumba ya mtu. Mwisho mmoja akasema, ah, mimi nitakula kwangu. Mwenzake akasema, na mimi. Hakuna aliyetangaza kwamba sengu imekwisha. Siku moja tu nilijikuta napika chungu kidogo kuliko kawaida, wala sikujiuliza kwa nini.

Babu Nombo tulimpelekea mlangoni kama tulivyoahidi. Mwanzoni sahani zilikuwa nyingi hata akawa anagawia kuku. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya changu, na ukuta wa nyumba yangu ulikuwa umeuziba mlango wake, ilibidi upite ubavu-ubavu kumfikia. Kuna siku nilikuwa na mimba ya mama yako mkubwa, upenyo ule sikuweza kupita, nikasema leo Mama Felista atampelekea. Mama Felista naye alikuwa na mgeni, akasema Agata, yaani mimi, yuko karibu, atampelekea yeye. Wa upande wa ghala wakasema, aa, wale wa kule ndio wenye mzee wao. Tulitegeana, mwanangu. Kila mtu alilala akijua mzee amekula kwa mwenzake. Na zamani, kwenye sengu, asingekosekana jioni moja bila mtu kuuliza, Nombo yuko wapi? Sasa tutauliza wapi, na kila mtu yuko ndani na mlango wake?

Hatukumgundua sisi. Nasema kwa aibu, hatukumgundua sisi majirani. Aligunduliwa na mgeni.

Alikuwa mwanamume wa kijiji cha Kitura, jina lake Fokasi, ametoka milimani siku ileile kutafuta kazi ya kupakua. Ilikuwa jioni, jua bado lipo. Kama alivyo Mmatengo yeyote, alifika mtaani akauliza, "Sengu iko wapi?" Watoto wakamcheka, hawakulijua hilo neno. Akapita nyumba hadi nyumba, anachungulia, akidhani ataona wanaume wamekaa. Akapenya ule upenyo nyuma ya kwangu, akaukuta mlango wa Babu Nombo, akabisha hodi. Mimi nilikuwa ndani nasonga ugali. Nikamsikia anasema, "Hodi, wazee," mara ya kwanza, mara ya pili. Halafu akapiga kelele, "Jamani! Hapa pana mtu anakufa!"

Nilijipenyeza na tumbo langu lile, nikakwaruzika ukutani mwangu mwenyewe. Babu Nombo alikuwa amelala chini kwenye mkeka. Homa ilikuwa imempiga, midomo imekauka, mashavu yameingia ndani. Ufagio ulikuwa ukutani, na sahani yake imefunikwa chini, juu yake pana vumbi. Lile vumbi, mwanangu.

"Babu," nikamwambia, "mbona hukuita? Ungegonga ukuta tu! Mimi niko hapa!"

Alinitazama bila hasira. Bora angekuwa na hasira. Akasema kwa sauti ndogo, "Mtu haombi chakula kwao."

Hayo tu. Kwenye sengu hakuwa anaomba, alikuwa anakula kwao. Tulipomjengea juu ya kwao tukamfanya ombaomba, naye hakuweza kuwa hivyo, akaona afadhali afe. Nilimnywesha uji kwa kijiko, huku Mama Felista amesimama upenyoni kwa sababu mwili wake haukupita, analia kwa sauti kama mtoto, "Nilidhani Agata kapeleka! Nilidhani Agata kapeleka!"

Kosmas aliporudi kutoka ziwani, bado maji yanamtiririka, nilimwambia, "Bomoa nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Hii."

"Agata, una wazimu? Mimba hiyo, tutalala wapi?"

"Kwa Mama Felista. Kwa mamba. Popote. Mzee yule hatoki nje kwa sababu ya ukuta wangu. Usipobomoa wewe nabomoa mimi, na tumbo langu hili, watu wakuone."

Babu yako hakuwa mtu wa kupenda ugomvi na mimi. Aliingia ndani akatoa kile chungu cha mama yangu, akakiweka mbali kisivunjike. Kisha akachukua panga. Fokasi yule mgeni akamsaidia, hata maji hajanywa. Asubuhi iliyofuata nyumba ilikuwa chini. Wakaiacha nguzo moja tu, ile ya pembeni, kwa sababu ilikuwa imeshindiliwa sana haikung'oka.

Majirani walitoka wakatutazama. Nilidhani, niseme kweli, nilidhani na wao watabomoa. Nilimtazama yule wa chumba cha karani, akatazama pembeni. Yule aliyemjengea mdogo wake akasema, "Pole sana, dada, kwa kweli mmefanya jambo," akaingia kwake akafunga mlango. Hakubomoa hata mmoja. Uwanja tulioupata ulikuwa wa nyumba moja, umezungukwa na kuta za watu.

Tulitandika mikeka pale. Kosmas na Fokasi wakambeba Babu Nombo wakamtoa nje, wakamwegemeza kwenye ile nguzo aliyoishika siku ya kujenga. Wanawake walileta chakula siku hiyo, looh, chakula kama cha harusi! Samaki, maharage, kuku, sahani zilikosa pa kukaa. Walileta wakaziweka, na wengi wakarudi ndani haraka, hawakuweza kumwangalia. Babu Nombo alitazama sahani, akatazama tulivyokaa wachache. Akamega tonge, akampa Fokasi. "Mgeni kwanza," akasema. Ndipo na yeye akala, matonge machache. Aliuliza ufagio wake uko wapi, nikamletea, akaulaza miguuni.

Aliishi mpaka mvua zilipokaribia. Kila jioni tulikula naye pale, sisi na Fokasi na Mama Felista, na siku nyingine mtu mmoja au wawili zaidi. Alikufa akiwa ameshiba, hilo najipa moyo nalo. Lakini hakula tena na mtaa wake wote, na kula na wote ndiko alikokutaka. Tulimzika mlimani, na pale kaburini watu walijaa kuliko walivyowahi kujaa kwenye ule mkeka. Nilikasirika sana siku ile. Nilitaka kuwafukuza wote.

Mimi na babu yako tulirudi milimani kulima kahawa. Tulipoondoka, hatujafika hata juu ya mlima, kuna mtu alikwisha kuchimba mashimo ya nguzo pale tulipobomoa. Na Boma likaja tena baadaye, likasema mtaa umebanana mno, ni mchafu, uondolewe. Safari hii hakukuwa na neno moja. Mama Felista alinisimulia. Kila mwenye nyumba alikwenda kwa Bwana Shauri peke yake, kwa siri, kuombea nyumba yake, na kila mmoja akamsema jirani kwamba ndiye aliyebananisha. Bwana Shauri aliwasikiliza wote, akawaondoa wote. Mianzini ukachomwa moto. Leo ukienda pale utaona majani tu, na mbuzi.

Basi, mwanangu, sikukatazi kujenga. Nimelala kwenye nyumba ya mianzi, najua nyumba ni nini. Jenga huko nyuma, jenga kule kwenye migomba, hata chumba changu kipunguze ukitaka. Lakini ule ua uliokuwa unaupima, uache. Unauona mtupu kwa sababu unaupima mchana. Njoo jioni uone nani amekaa hapo: mama wa jirani na wajukuu zake, yule fundi baiskeli asiye na mke, mimi na mkongojo wangu. Siku mmoja wetu asipoonekana, tutaulizana. Mkijenga, kila mtu atakuwa na kwake pazuri, na hakuna atakayejua kwamba fulani hajatoka.

Na mtu akija kwako analia, msaidie kwa kilicho chako. Mpe chumba chako, mpe nguo yako. Usimpe kilicho cha watu wote, maana hicho ukikigawa hutasikia maumivu, na atakayeumia hatakuambia. Na ukiahidi kumlisha mtu mwenzako, nenda mwenyewe na sahani yako. Usiseme fulani yuko karibu. Nenda, hata upenyo uwe mdogo namna gani.

Mungu akupe nyumba yenye wageni, mwanangu. Akupe watoto wenye kuuliza fulani yuko wapi. Uzeeke huku unaitwa chakula kabla hujasikia njaa, na siku mguu wako utakapokosa nguvu, usikose wa kukutoa nje ukae na watu. Haya, kile kiti changu kipeleke uani, jua linashuka. Na ile kamba yenu nimeifungia mbuzi.